Kipindi cha michezo darasa la nne: tabia njema inafundishwaje uwanjani?

KijanaWaChaki (Kilosa) ameuliza:

Wanajamvi, hamjambo. Wakubwa shikamooni.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali huku Kilosa. Mwaka huu nimepangiwa Sanaa na Michezo, darasa la nne. Niliomba mwenyewe, kwa sababu nilisoma enzi za somo la Haiba na Michezo na naamini kabisa kwamba mtoto anaweza kulelewa uwanjani sawasawa na darasani. Ninachokosa ni namna ya kulifanya.

Andalio la somo halinisumbui. Naandika: mwanafunzi aoneshe ushirikiano, uaminifu na uvumilivu. Mwalimu mkuu anasaini. Kazi iko uwanjani. Watoto ni 94, mpira ni mmoja, kipindi ni dakika 40, na mpaka wamalize kutoka darasani na kupanga mistari, dakika kumi zimeshakwenda. Mpira ukitua chini tu, wavulana kama kumi na tano waliotangulia kukua wanaumiliki mpaka kengele igongwe. Wasichana wengi wanahamia chini ya mwarobaini. Kuna mtoto mmoja ana ulemavu wa mguu. Kazi yake imekuwa kushika masweta ya wenzake. Anayashika vizuri, anayakunja, wala halalamiki, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wiki iliyopita mkondo A na mkondo B walikutana. Likaingia goli la utata (magoli yetu ni matofali mawili, kwa hiyo mwamba wa juu kila mtu anauona kwa macho yake). Ugomvi haukuishia pale. Wakaviziana njiani wakati wa kurudi nyumbani, na asubuhi yake mzazi mmoja akaja shuleni na mtoto ana nundu usoni.

Ofisini naambiwa, "Waache wacheze, michezo yenyewe inafunza nidhamu." Mimi siioni hiyo nidhamu. Ninachoona ni kwamba mwenye sauti kubwa anajifunza kuwa akipiga kelele atapewa faulo, na mpole anajifunza kukaa pembeni.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Hotuba za maadili nazijua, watoto wanazijua pia, wanazijibu kwa pamoja kama kibwagizo. Nataka kujua nifanye nini Jumatano saa nne na dakika ishirini, nikiwa na filimbi shingoni na watoto 94 mbele yangu.

Baba Watatu (Mbagala) amejibu:

Mwalimu, mimi ni mzazi tu, lakini nimeona nikuunge mkono kwa kuuliza.

Binti yangu wa kati alisoma shule moja hapa Dar, jina halina haja. Kwenye ratiba michezo ilikuwa Ijumaa. Kila nikimuuliza, "Leo mmecheza nini?" ananijibu, "Leo tumefanya Hisabati." Upimaji wa darasa la nne ulipokaribia, kipindi kikafutwa kabisa. Na siku walizotolewa nje, ilikuwa adhabu: darasa limepiga kelele, wote nje, kichurachura kuzunguka uwanja. Ikafika mahali Jumamosi asubuhi nikimwambia, "Vaa raba, twende tukakimbie kidogo," ananitazama na kuuliza, "Kwani nimekosa nini, baba?"

Kwa hiyo ombi langu kwako ni dogo. Kwanza usiwafanye watoto wachukie kukimbia. Pili, wasimulie habari za John Stephen Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa marathoni aliyeumia njiani lakini akamaliza mbio. Baba yangu alikuwa akinisimulia nikiwa mdogo na mpaka leo nikitaka kuacha kazi njiani namkumbuka yule bwana. Hiyo ndiyo tabia. Ukishawapa mfano ule, mengine yatafuata.

Mama Netiboli (Muheza) amejibu:

Marahaba mwanangu, na pole na hao 94. Nimefundisha michezo shule za msingi mkoa huu wa Tanga mpaka nilipostaafu, nimepeleka timu za netiboli UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi, kuanzia kata mpaka mkoa, na jambo unalouliza ndilo lililonikesha kuliko vikombe.

Nianze na huyo mwenzako wa ofisini, maana usemi wake ndio unaoua kipindi hiki kila mahali. Mchezo peke yake haumfundishi mtoto wema. Unamfundisha kile ambacho kanuni na msimamizi wake wanakilipa. Ukimshangilia aliyepiga chenga watu watano ukamsahau aliyetoa pasi, umefundisha ubinafsi, hata kama andalio lako limeandikwa ushirikiano kwa wino mwekundu. Kwa hiyo usikae ukatafuta maneno ya kuwaambia kuhusu uaminifu. Jiulize: leo mchezo wangu unamtaka mtoto awe mwaminifu wapi? Ukiona haumtaki popote, badilisha mchezo.

Chukua rede. Wasichana wako wale wa chini ya mwarobaini wanaijua kuliko wewe. Warushaji wawili, mmoja kila upande, wa katikati anakwepa mpira huku anajaza mchanga kwenye chupa. Ugomvi wa rede siku zote ni mmoja: mpira umegusa sketi au haujagusa? Zamani nilikuwa nasimama pembeni na filimbi, naamua mimi. Kisha nikaanza kuwakalisha kabla ya mchezo na kuwaambia, "Hamchezi mpaka mkubaliane. Sketi ni mwili au si mwili?" Darasa la tano walibishana mpaka nikaona kipindi kinaisha. Mmoja akasema sketi ni mwili kwa sababu imevaliwa. Mwingine akasema basi mwenye sketi ndefu ameonewa. Wakaamua: sketi ni mwili, na kila anayeingia katikati aibane kwa mkono au aikunje kiunoni, maana wote wana kaptura ndani. Na mpira ukikugusa, unasema mwenyewe. Hakuna refa.

Sasa siku hiyo kulikuwa na msichana mmoja, mkimya, chupa yake ya nusu lita imebaki vidole viwili ijae. Mpira ukapita nyuma yake. Mimi sikuona kitu. Warushaji hawakuona kitu, mmoja alikuwa tayari anaufuata mpira majanini. Yule msichana akasimama, akasema, "Imenigusa pindo," akamimina mchanga wote chini, akampa chupa anayefuata. Wenzake wakapiga makofi bila kuambiwa. Kwa miaka yote niliyosimama na filimbi sikuwahi kuona mtoto anajitoa mwenyewe, na sababu yake naijua: mwalimu akiwa na filimbi muda wote, ukweli unakuwa kazi ya mwalimu. Mtoto kazi yake inabaki kutokukamatwa.

Ndiyo maana nakuambia, filimbi yako itumie kuanzisha, kumaliza na kuzuia hatari. Yaliyobaki yaache yawe mikononi mwao, lakini baada ya kuwapa nafasi ya kutunga kanuni.

Ushirikiano nao una mchezo wake. Netiboli imeumbwa kwa ajili hiyo, wala usidhani ni ya wasichana tu. Huruhusiwi kukimbia na mpira. Huruhusiwi kuushika zaidi ya sekunde 3. Anayekuzuia asimame sentimita 90 kutoka kwako. Katika wachezaji saba ni wawili tu wanaoruhusiwa kufunga, na kila mmoja ana eneo lake asilotoka. Waweke wale kumi na tano wako kwenye netiboli, uone. Yule mbabe anayezoea kupita na mpira kutoka goli hadi goli anajikuta kwenye mstari, mpira mkononi, sekunde zinahesabiwa, na anayeweza kumsaidia ni yule msichana aliyezoea kumsukuma. Hapo huhitaji kumhubiria. Kwenye mpira wa miguu fanya vivyo hivyo kwa kanuni ndogo: goli halihesabiwi mpaka mpira uguswe na watu wanne tofauti wa timu hiyo. Kanuni moja tu kwa kipindi. Ukiweka tatu wanasahau zote.

Suala la idadi. Mpira mmoja kwa watoto 94 hautoshi, hilo usijidanganye nalo. Wape kazi ya nyumbani ya kutengeneza mipira. Watoto wa zamani walitumia mifuko ya plastiki, lakini tangu ipigwe marufuku Juni 2019 wangu walihamia kwenye matambara, soksi kuukuu na kamba ya katani, na mpira wa katani hauruki sana, jambo ambalo kwa darasa la nne ni neema. Ukipata kumi au kumi na mbili, unagawa uwanja vipande. Na si kila mtoto acheze kwa wakati mmoja. Kwenye kila kipande kuna wanaocheza, kuna mwamuzi, mtunza muda, mwandishi wa pointi na mtunza vifaa, halafu wanabadilishana. Marekani Daryl Siedentop aliandika mfumo mzima wa kufundisha michezo kwa majukumu ya namna hii. Faida yake kwenye tabia ni kubwa. Mtoto aliyewahi kuwa mwamuzi na kuzomewa hazomei tena kirahisi.

Hapo ndipo ninapomweka mtoto wako wa masweta, lakini kwa tahadhari. Usimpe uamuzi kama njia ya kumtoa mchezoni kwa heshima. Mpe zamu ya uamuzi kama wengine, na zamu ya kucheza kama wengine. Muulize yeye anaweza nini, usimkisie. Mimi nilikuwa na mvulana wa namna hiyo. Tulimuuliza, akasema anaweza kurusha akiwa amekaa. Darasa zima likacheza mpira wa wavu wa kukaa chini, kamba imefungwa usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa. Yeye mikono ilikuwa na nguvu kuliko wote kwa sababu ya magongo. Huo ni mchezo wa kweli, upo kwenye Paralimpiki, na waliofungwa siku ile walikuwa wale waliozoea kushinda.

Jambo jingine, tafadhali sana, acha kabisa ule mtindo wa makapteni wawili kuchagua watu mmoja mmoja. Kila darasa linajua nani atabaki mwisho. Na yeye anajua tangu asubuhi. Wahesabishe moja mbili tatu nne, au wagawe kwa mwezi wa kuzaliwa.

Wasichana wakubwa kuna siku hawatataka kucheza. Usiwaulize sababu mbele za watu. Mimi niliweka utaratibu kwamba mtoto yeyote, msichana au mvulana, anaweza kuchagua uandishi wa pointi siku hiyo bila kujieleza. Mwalimu wa kiume unalihitaji hili zaidi yangu.

Kuhusu mkondo A na B. Chuoni tulisoma habari ya mwanasaikolojia Muzafer Sherif. Mwaka 1954 yeye na wenzake waliwachukua wavulana 22 wa miaka 11 na 12 kwenye kambi moja ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma. Watoto wa kawaida, hawakufahamiana kabla. Wakagawanywa makundi mawili, wakashindanishwa besiboli na kuvuta kamba kwa zawadi. Haikuchukua muda wakachomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Watafiti wakajaribu kuwakutanisha tu, wale pamoja, watazame sinema pamoja. Wakarushiana chakula. Kilichowapatanisha ni shida ambazo kundi moja lisingeziweza: maji ya kambi yalikatika, wakatafuta pamoja hitilafu iko wapi, lori la chakula likagoma kuwaka, wakalifunga kamba na kulivuta wote. Kamba yenyewe ilikuwa ileile waliyoivutania kwenye mashindano.

Mimi niliposoma hapo nilifunga daftari nikakaa nikifikiri. Bonanza zetu za mkondo kwa mkondo, bweni kwa bweni, tunaziita za kujenga umoja! Sikatai mashindano, watoto wanayapenda na wana haki nayo. Lakini A dhidi ya B wakati hasira bado mbichi ni kuongeza kuni. Kwa muda huu changanya: kila timu iwe nusu A nusu B, na jina la timu wachague wao. Na watafutie kazi moja kubwa ya pamoja. Sisi tulikuwa na gogo la mwembe lililoangushwa na mvua upande wa goli. Mkondo mmoja ulijaribu ukashindwa. Wote wawili, kamba ya mkonge, wimbo wa kuhesabia, likatoka. Wewe huna mwamba wa magoli, sivyo? Umeshapata kazi yao: nguzo nne, miamba miwili, mashimo ya kuchimba. Wakishasimamisha magoli kwa mikono yao, lile goli la utata nalo limekufa.

Hilo la kichurachura Baba Watatu amelimaliza. Adhabu isiwe mazoezi, na mazoezi yasiwe adhabu. Wakigombana wawili, wanatoka wote, wanakaa kivulini pamoja, na wanarudi pamoja siku hiyohiyo wakija kuniambia sentensi moja waliyokubaliana. Mmoja akikataa, hakuna anayerudi. Utashangaa jinsi wanavyopatana upesi wakiona mchezo unaendelea bila wao.

Mwisho wa kipindi bakisha dakika tano, wala usizile. Wakae duara. Uliza swali moja tu, tena la jambo walilolifanya: "Nani leo amempa mpira mtu ambaye hajawahi kumpa?" Kisha dole gumba: juu, katikati, chini, kila mtu ajipime mwenyewe. Hilo la dole gumba nililipata kwa Don Hellison, mwalimu aliyefanya kazi miaka mingi na vijana wa mitaa migumu ya Chicago. Yeye alipanga wajibu kwa ngazi tano. Mtoto anaanza kwa kuheshimu haki na hisia za wenzake, anapanda kwenye kujituma, kisha kujiongoza bila kusimamiwa, kisha kuwasaidia wengine, na ya tano ni kuyapeleka hayo yote nje ya uwanja, nyumbani na mtaani. Ngazi ya tano ndiyo tunayoisahau. Kwa hiyo Jumatano nyingine nauliza, "Tangu juzi, nani amefanya nyumbani kitu tulichofanya uwanjani?" Kuna mtoto aliniambia amemwachia mdogo wake aanze kunawa kwa sababu ilikuwa zamu yake. Kwangu hilo lilikuwa zito kuliko kikombe cha wilaya.

Mwalimu wa Pwani (Kilifi, Kenya) amejibu:

Salamu kutoka Kilifi. Nimesoma jibu la Mama nikatikisa kichwa peke yangu. Hiyo rede, bara kwetu wanaiita kati, na mzozo wa sketi ni uleule.

Niongeze la kwetu. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, maadili yaliandikwa waziwazi ndani ya kila somo: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii, uadilifu. Nilifurahia. Lakini baada ya muda nikaona walimu tunafanya nini. Tunachagua matatu au manne, tunayaandika kwenye mpango wa somo, tunatoka nje, na watoto wanacheza mpira uleule wa jana. Ndio maana nakubaliana naye kabisa: jambo moja kwa kipindi, na liwe ndani ya kanuni ya mchezo.

Pale tu ninapotofautiana na Mama ni kwenye kuondoa mwamuzi. Kwa gredi ya nne ukiwaachia kila kitu siku ya kwanza, wenye nguvu ndio watakaotunga kanuni. Nimeona kikundi kikikubaliana "kwa pamoja" kwamba wadogo wasirushe. Wadogo waliinua mikono pia, kwa hofu. Siku hizi nafanya hivi: mapendekezo ya kanuni yanatolewa kuanzia kwa yule ambaye hajawahi kusema, na kura wanapiga wamefumba macho. Na nina kanuni yangu moja ambayo haipigiwi kura: hakuna kanuni inayomtoa mtu mchezoni. Zingine zote ni zao.

Mwalimu wa Kilosa, pia jaribu mbio za kupokezana vijiti, lakini usizifanye timu dhidi ya timu. Pima muda wa darasa zima. Wote 94, kijiti kimoja, mita ishirini kila mtu. Andika muda ubaoni. Wiki inayofuata wajaribu kuupunguza. Wakati hauwezi kupungua kwa kumzomea anayekimbia polepole. Unapungua kwa kupokezana kijiti vizuri. Wenye kasi wenyewe wataanza kuwafundisha wenzao namna ya kunyoosha mkono nyuma. Nimewaona wakifanya mazoezi ya kijiti kwenye foleni ya uji kwa kutumia vijiko.

KijanaWaChaki amejibu:

Mama, Mwalimu wa Pwani, Baba Watatu, asanteni sana. Nimechapa mazungumzo yote na kuyabandika kwenye daftari la maandalio.

Nimeshaongea na mwalimu mkuu kuhusu nguzo. Kuna mikaratusi nyuma ya nyumba za walimu, amekubali tukate minne. Kijiji watatupa sururu.

Nina maswali mawili yamebaki. Baba Watatu amenitajia Akhwari, nami natamani kuwasimulia, lakini naogopa iwe hotuba nyingine. Na la pili, mwalimu wa taaluma ameshaanza kuniomba kipindi cha Jumatano kwa ajili ya Hisabati. Nimjibu nini bila kukosana naye?

Mama Netiboli amejibu:

Mwalimu wa Pwani, umenena. Kanuni isiyopigiwa kura nami naichukua, na kura ya kufumba macho pia.

Mwanangu, Akhwari msimulie, lakini usianze na ule usemi wake maarufu kwamba nchi haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza. Kila mtu anaanzia hapo na watoto wanaimba tu. Anza na hesabu. Mexico City, Oktoba 1968, marathoni. Walioanza 75. Waliomaliza 57. Mtu wetu wa Mbulu alianguka, goti likaumia, likafungwa bendeji, akaingia uwanjani giza limeanza, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa 57. Sasa waulize darasa: kuna watu wangapi nyuma yake? Wengi watasema hakuna. Waache wabishane. Atatokea mmoja atoe 57 kwenye 75. Wale 18 wasiomaliza wako wapi kwenye orodha? Hapo mazungumzo yanakuwa yao. Halafu waambie kilichofuata, ambacho hakisimuliwi sana: miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa 5. Watoto wajue kwamba hakuwa mtu dhaifu aliyehurumiwa. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepatwa na siku mbaya. Kisha toka nao nje mkakimbie, siku hiyohiyo, mbio ndefu kidogo ambayo wengine watataka kuiacha. Hadithi bila mbio haitoshi.

Mwalimu wa taaluma usigombane naye, mkaribishe. Mpe saa ya kupimia zile mbio za kijiti. Wape watoto wake kazi ya kutafuta wastani wa muda wa kila mmoja, kupima mita ishirini kwa kamba, kuchora jedwali la wiki kwa wiki. Mimi mwalimu wangu wa Hisabati alikuja mara moja kwa kunisaidia, baada ya hapo ndiye aliyekuwa akinikumbusha kipindi. Lakini kipindi chenyewe usikitoe. Sema kwa adabu na usimame hapo: kiko kwenye ratiba, kiko kwenye mtaala. Ukikitoa mara moja, watoto wameona kwamba somo la ushirikiano na uaminifu ndilo linaloahirishwa kwanza.

Na timu ya UMITASHUMTA ifanye mazoezi jioni. Usiitumie Jumatano kuchuja wachezaji, utarudisha wale kumi na tano kwenye mpira na wengine wote kwenye mwarobaini.

KijanaWaChaki amejibu:

Nimeelewa, Mama. Nguzo tunachimbia Jumamosi, wote A na B. Kwa ajili ya kuvuta kamba baadaye, ninunue kamba ya namna gani?

Mama Netiboli amejibu:

Ya mkonge, nene inayojaa kiganja cha mtoto, mita ishirini na tano hivi. Usichukue ya nailoni, inachubua na ikikatika inaruka nyuma. Funga fundo ncha zote mbili, kitambaa chekundu katikati. Na kabla hawajavuta, mwambie kila mmoja akuoneshe mikono: hakuna kuizungusha kamba kwenye kiganja wala kiunoni. Kagua mmoja mmoja, hata kama ni 94.

Ukipita Muheza, ulizia kamba za mkonge. Huko Kilosa nako kuna mashamba ya mkonge, huenda ukaipata bila kutoka wilayani.